Ramani ya baba na simu yangu zinapishana kwa hatua 410: nukta yetu ya Nakasongola iko wapi hasa?

#1 BintiWaBombo

Salaam, wanajamvi. Mimi na baba yangu, mwalimu wa hesabu aliyestaafu mwenye umri wa miaka 74, tuna desturi ambayo majirani zetu hapa Bombo wameshaizoea. Baba aliandika tarakimu za 0 hadi 9 kwenye vifuniko kumi vya soda. Huvitia kapuni na kuvitikisa, nami huchomoa kimoja kimoja na kukirudisha kila mara, mpaka tupate majiranukta kamili kwa desimali nne: latitudo kati ya 1.5 kusini na 4.2 kaskazini, longitudo kati ya 29.5 na 35 mashariki. Nukta ikiangukia nchi kavu ndani ya Uganda, tunapanga safari ya kwenda kuikanyaga.

Mpaka sasa tumechomoa nukta 19. Saba zilitoka nje ya nchi, tatu zilizama ziwani, moja iko ndani ya hifadhi. Kati ya nane zilizosalia tumefikia tatu. Ya kwanza ilikuwa shamba la mihogo, ya pili ukingo wa barabara ya changarawe wilayani Kiboga.

Ya tatu ndiyo iliyonileta hapa. Iko kwenye malisho ya Nakasongola, 1.31 kaskazini na 32.20 mashariki, tarakimu zinazofuata naziacha kwa heshima ya mwenye zizi. Simu yangu ilitufikisha kwenye uwanda wa nyasi wenye vichuguu, na ilionyesha kosa lisilozidi mita 5. Baba naye alikuja na fotokopi ya ramani ya zamani ya skeli 1:50,000, ambayo alikuwa ameipima kwa rula usiku uliotangulia. Kwake yeye nukta iko mahali vijito viwili vya msimu vinapokutana. Tuliyatafuta makutano hayo tukayapata, na baba akahesabu hatua 410 kuelekea mashariki kutoka pale simu iliposema.

Baba anasema ramani ilichorwa na watu waliotembea kwa miguu, na kwamba simu haijawahi kutembea. Mimi naiamini simu. Tumerudi nyumbani kila mmoja akiwa na nukta yake, na jambo hili halijatutoka vinywani. Ni nani aliye sahihi?

#2 DerevaMutukula

Shikamoo kwa mzee. Nadhani mlichanganya mfumo wa uandishi, kwa sababu 1.31 ya desimali si sawa na digrii 1 na dakika 31, na ramani za zamani hutumia dakika. Mimi na mjomba wangu kosa hilo lilitupotezea siku nzima na tangi la mafuta.

Niongeze kwamba hapa kwetu nukta za kubahatisha zina hatari yake. Mpaka wetu na Tanzania unafuata latitudo ya 1 kusini, kutokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1890, kwa hiyo tarakimu moja ikikosewa unajikuta nchi nyingine. Anayetembea huku na afuate nguzo za mpaka, asifuate simu.

#3 MsomaHesabu

Ndugu Dereva, tahadhari yako ni nzuri lakini haielezi tatizo hili. Desimali 1.31 ni digrii 1 na dakika 18.6. Mzee angesoma dakika 31, angekosea kwa dakika 12.4, yaani karibu kilomita 23. Hatua 410 si kilomita 23, na mwalimu wa hesabu hawezi kukosea hapo.

Nimependa takwimu zenu za kapu. Mstatili mnaochomolea una karibu kilomita za mraba 386,000, ilhali Uganda yote ni kama 241,000, kwa hiyo mtarajie nukta 62 kati ya 100 ziangukie ndani ya nchi. Ninyi mmepata 12 kati ya 19, ambazo ni 63. Tena karibu sehemu moja ya sita ya nchi yetu ni maji na vinamasi. Vifuniko vya mzee vinatenda haki.

#4 MkaziLuwero

Kabla hamjaendelea na hesabu, naomba kuuliza jambo ambalo kwangu ni zito zaidi. Je, mliomba ruhusa?

Nauliza kwa sababu ya yaliyonikuta. Nilikwenda na kaka yangu kwenye nukta iliyoangukia nyuma ya nyumba ya bibi mmoja, kilomita chache tu kutoka kwetu. Tulimsalimia tukaeleza, naye akaitikia vizuri, lakini mara kaka alipoinua simu na kuanza kusoma tarakimu kwa sauti, bibi yule alikaa chini na kulia. Alidhani tumetumwa kupima. Familia yake ina kibanja kwenye ardhi ya mailo ambayo bibi hamjui mmiliki wake, na kwake yeye mtu anayesimama uani akitaja namba ni mtu aliyekuja kumhamisha.

Wageni wa jambo hili waelewe kwamba mailo ilitokana na Mkataba wa Buganda wa 1900, ambao uligawa ardhi kwa maili za mraba na kuwaacha waliokuwa wakilima humo wakiitwa wenye vibanja. Sheria ya Ardhi ya 1998 inawatambua na kuwalinda, lakini hofu haiondolewi na sheria peke yake. Tulikaa na bibi yule mpaka jioni, tukamchambulia maharage, na kaka alifuta tarakimu zote mbele ya macho yake. Tangu siku hiyo siitoi simu mfukoni kabla ya kuonana na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na mwenye nyumba.

#5 BintiWaBombo

Asante sana, Mkazi wa Luwero, na pole kwa bibi. Tuliomba. Tulianza kwa mwenyekiti wa LC1, akatupa kijana wa kutusindikiza kwa mwenye zizi, mzee wa rika la baba mwenye ng'ombe wa pembe ndefu. Baba alimweleza habari ya vifuniko vya soda tangu mwanzo, wala hakuruka hatua. Mzee yule alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo hakuna aliyepachagua?" Baba akamjibu kwamba hakuna. Akasema basi hapo ni salama, maana kila aliyewahi kuja akiwa amepachagua alikuwa na shida napo.

Alitwambia pia kwamba utotoni aliwaona watu wenye vyombo vya miguu mitatu wakiweka nguzo fupi ya saruji upande wa makutano ya vijito. Hatukuiona. Baba anaichukua habari hiyo kuwa ushahidi wake.

#6 MpimajiMstaafu

Nguzo hiyo haithibitishi kitu, kwa kuwa nguzo za upimaji ziko nyingi nchini na hakuna hata moja iliyowekwa kwa ajili ya vifuniko vya soda. Kwa hili la nukta, jawabu nililo nalo ni rahisi.

Digrii haielei hewani. Hupimwa juu ya umbo fulani la dunia lililokubaliwa. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zilijengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Jina hilo linatokana na mnyororo wa vipimo uliofuata longitudo ya 30 kutoka kusini mwa Afrika, na sehemu yake ya Uganda ilipimwa mwaka 1908 na 1909. Simu hutumia msingi mwingine, WGS84. Ukichukua tarakimu za simu na kuzichora juu ya ramani ya Arc 1960 bila kuzibadilisha, katika eneo hilo unaangukia kama mita 300 kusini mwa mahali simu inapokupeleka, na kama mita 80 mashariki yake. Jumla ni mita 310 hivi, ambazo kwa mtu wa kawaida ni hatua 410.

Wasioamini kwamba mistari huhama waende Greenwich, ambako longitudo sifuri ya GPS inapita kama mita 102 mashariki ya mstari ambao watalii wanapiga nao picha.

#7 NyumbaniArua

Mzee Mpimaji ameeleza vizuri, lakini Binti amesema hatua zilikwenda mashariki, nawe unatupa kusini. Huoni kwamba jawabu lako limegeuka robo ya duara?

Mimi naitilia shaka simu. Nilikwenda na dada yangu mahali latitudo ya 3 kaskazini inapokutana na longitudo ya 31 mashariki, kama kilomita 10 mashariki ya mji wa Arua. Tulifuata mfano wa mradi alioanzisha Mmarekani Alex Jarrett mwaka 1996, wa kutembelea makutano ya digrii kamili kote duniani. Simu yangu na ya dada zilipishana kwa mita 60 tulipofika, zikakubaliana baada ya kama robo saa ya kusubiri uwanjani. Simu iliyotoka mfukoni hubahatisha kwanza kwa minara, halafu ndipo hupata setilaiti za kutosha. Binti, mlisubiri kwa muda gani? Na kifuniko cha simu yako kina sumaku? Kama kinayo, dira yake haifai.

Kwa wanaosema GPS haikosei, wakumbuke kwamba hadi tarehe 2 Mei 2000 Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi ishara za raia, hata kosa la mita 100 likawa jambo la kawaida.

#8 MwalimuKasese

Habari za jioni. Mbona hakuna aliyegusa neno fotokopi?

Karatasi ya ramani hizo hufunika dakika 15 kwa dakika 15, yaani kama sentimita 55 kila upande. Longitudo 32.20 ni digrii 32 na dakika 12, kwa hiyo iko dakika 12 kutoka ukingo wa magharibi wa karatasi, karibu sentimita 44 na nusu. Mashine ikipunguza picha kwa asilimia 1 tu, rula ya mzee itakosea kwa milimita 4 na nusu, ambazo ardhini ni mita 220 hivi. Kosa litaelekea mashariki, kwa sababu karatasi iliyosinyaa humfanya apite alama ya kweli. Upande wa kaskazini amepima dakika 3.6 tu, kwa hiyo kosa lake huko halifiki mita 70. Mwelekeo wa mashariki ambao Mzee Mpimaji hawezi kuueleza, fotokopi inaueleza bila kuhangaika.

Mimi huenda na mama. Nukta yetu ya mwisho iliangukia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, nje ya njia zinazoruhusiwa, na hatukuingia. Tulisimama kando ya barabara ya Kasese kwenda Mbarara, mama akaangalia upande ule kwa muda mrefu, kisha akanisimulia jinsi alivyopita hapo kwa lori akiwa bibi harusi. Miaka yote nilikuwa nikiamini kwamba alikuja Kasese kwa treni.

#9 MpimajiMstaafu

Hoja ya fotokopi naikubali kama nyongeza, siikubali kama jawabu. Tofauti ya misingi ya vipimo ipo hata ramani ikiwa mpya kabisa, kwa hiyo mita 300 za kusini lazima zionekane mahali fulani, na Mwalimu hajasema zimekwenda wapi. Binti, naomba unijibu swali moja: mlijuaje kwamba ule ulikuwa mwelekeo wa mashariki?

#10 BintiWaBombo

Tulisubiri dakika 20, na ndiyo, kifuniko changu kina sumaku, ndiyo maana sikutumia dira ya simu. Mwelekeo aliuamua baba kwa kivuli cha bakora yake, kama alivyokuwa akiwafundisha wanafunzi. Ilikuwa saa saba mchana, katika juma la mwisho la Machi.

#11 MsomaHesabu

Saa saba mchana, mwishoni mwa Machi, latitudo 1.31 kaskazini! Dada Binti, hapo bakora haina kivuli.

Saa zetu zinafuata longitudo ya 45 mashariki, nasi tuko 32.2, kwa hiyo jua letu hufika juu karibu dakika 51 baada ya saa sita. Machi huchelewa dakika chache zaidi, na utosi wa siku unakuwa karibu kabisa na saa saba. Siku hizo jua liko juu ya Ikweta au limeipita kidogo. Kivuli cha bakora ya mita moja kilikuwa na urefu wa sentimita chache tu, na bakora ikiinama hata kidogo, kivuli kinafuata mwinamo badala ya kufuata jua. Hiyo mashariki yenu ingeweza kuwa kusini.

#12 NyumbaniArua

Kumbe robo ya duara ilikuwa mkononi mwa mzee! Namwomba radhi Mzee Mpimaji, ingawa kwa nusu tu. Bakora kutokuonyesha mashariki hakutoshi kuthibitisha kwamba ilionyesha kusini.

#13 MjukuuWaMbale

Nyote mmeyachukua makutano ya vijito kana kwamba ni jiwe lisilohama. Ramani hizo zilichorwa kwa picha za angani za miongo mingi iliyopita, na tangu wakati huo ukanda wa wafugaji umechimbwa mabwawa ya kunyweshea mifugo. Kijito cha msimu kikizibwa kwa bwawa hutafuta njia nyingine. Huenda ramani ni sahihi na simu ni sahihi, ila vijito ndivyo vilivyohama.

Nasema hivi kwa sababu ya bibi yangu. Tulikwenda naye pale digrii 1 kaskazini inapokutana na digrii 34 mashariki, kati ya Budaka na Mbale, tukakuta shamba la mpunga. Bibi alisisitiza kwamba hapo palikuwa na mafunjo yanayompita kimo, na kwamba mtu hakuweza kuvuka kwa miguu. Mwenye shamba, kijana wa miaka thelathini hivi, hakuamini. Bibi akamwonyesha mahali walipokuwa wakikata mafunjo ya kufumia mikeka, akataja na ndege waliokuwa humo, mpaka kijana akaacha jembe na kukaa kumsikiliza. Ramani ilitupa namba, na mahali penyewe tulipewa na bibi.

#14 DerevaMutukula

Nimejifunza mengi leo. Je, tatizo hili la misingi ya vipimo linagusa na ule mstari wa Ikweta uliochorwa Kayabwe, barabara ya Masaka? Pale walituonyesha maji yakizunguka kulia upande mmoja na kushoto upande wa pili, hatua chache tu kutoka mstarini.

#15 MpimajiMstaafu

Linagusa. Ikweta ya Arc 1960 na Ikweta ya WGS84 zimepishana ardhini kwa mita hizo hizo 300. Maji ya beseni hayajui lolote kati ya hayo mawili. Nguvu ya mzunguko wa dunia ni hafifu mno kugeuza maji ya beseni, na karibu na Ikweta inakaribia sifuri. Kinachoyazungusha ni jinsi yalivyomiminwa.

Turudi Nakasongola. Mwalimu wa Kasese anatabiri umbali wa mita 230 hivi, mimi natabiri 310. Urefu wa hatua ya mzee ndio utakaoamua. Hatua ya sentimita 57 inampa Mwalimu ushindi, ya 75 inanipa mimi.

#16 BintiWaBombo

Nimempima baba uani leo asubuhi, naye akakubali kwa furaha. Hatua 100 zimetoa mita 66. Kwa hatua 410 tunapata mita 270, ambazo ziko katikati kabisa ya wazee wangu wawili. Baba anasema kwenye nyasi ndefu alikuwa akifupisha hatua kwa ajili ya miiba, na mimi nakumbuka alikuwa akienda mbio kwa sababu alikuwa ameshaviona vijito.

#17 MwalimuKasese

Basi tuipime karatasi yenyewe. Ramani hiyo ina gridi ya kilomita moja moja, na kila mraba unapaswa kuwa sentimita 2 kamili. Pima miraba kumi mfululizo kutoka magharibi kwenda mashariki. Ikitoka sentimita 20, nitanyamaza.

#18 BintiWaBombo

Nimepima mara mbili. Karibu na ukingo wa magharibi miraba kumi ina sentimita 19.9, na katikati, palipokunjwa, ina 19.8. Rula ni ya mbao, ya baba, ya tangu enzi za chaki, na yeye hataki kusikia kwamba rula nayo ipimwe.

#19 MpimajiMstaafu

Usiiguse rula ya mwalimu. Nendeni Entebbe, kwenye idara ya upimaji na ramani ya serikali, muulizie nakala halisi ya karatasi hiyo. Hapo hapo mwaweza kuulizia kama ile nguzo ya saruji imo katika orodha yao. Kama imo, ina majiranukta yaliyopimwa vizuri, na mnaweza kuitumia kuipima simu na ramani kwa pamoja.

#20 MkaziLuwero

Mkirudi na watu wa nguzo, mwambieni mwenye zizi mapema, tafadhali, na mumweleze tena kwamba hakuna aliyepachagua.

#21 BintiWaBombo

Nimempigia mwenyekiti wa LC1, naye amefikisha ujumbe. Tutarudi mwezi wa Juni. Baba amekwisha kukokotoa kwamba wakati huo jua la mchana litakuwa kaskazini yetu kwa digrii 22, na bakora ya mita moja itatoa kivuli cha sentimita 40 kinachoelekea kusini bila ubishi. Entebbe tutakwenda Jumatatu. Mzee wa zizi ameagiza kitu kimoja, picha niliyowapiga yeye na baba wakiwa wamesimama kati ya nukta mbili, kila mmoja akinyoosha mkono upande wake. Anataka iliyochapishwa kwenye karatasi, kubwa, na ng'ombe waonekane.